Haki ya Hadithi Kuwa Ndefu
Mhadhara juu ya One Piece, uliotolewa Mtambile, Pemba

Maneno yangu yatahusu hadithi moja itokayo Japani, ya namna ya zile katuni ziitwazo anime, ambayo watoto wetu, kutoka Mkanyageni hata Kengeja, huitazama katika simu zao usiku na kuihadithiana mchana. Na ingawa natambua kwamba wamo humu ndani wazee watakaoona ajabu mtu mzima kusimama mbele ya hadhara kwa ajili ya katuni, naamini kwamba hadithi inayokaa na kijana tangu anapoanza kusoma hata anapooa haifai kuachwa bila ya kupimwa na wale wanaomtakia heri, wakapima uzuri wake kwa haki na ila zake kwa haki hiyo hiyo.

Hadithi hiyo ni One Piece. Mtungaji wake, Eiichiro Oda, mzaliwa wa Kumamoto, alianza kuichapisha mwezi wa Julai 1997, naye yu kijana wa miaka 22, katika Shonen Jump, gazeti la kila wiki lililokusudiwa hasa vijana wa kiume. Kampuni ya Toei Animation ikaitia katika televisheni mwezi wa Oktoba 1999, na tangu hapo imekwenda hata ikapindukia sehemu 1,100, wakati vitabu vyake, ambavyo navyo vimepindukia mia moja, vimechapishwa nakala zaidi ya milioni 500 duniani. Kisa chake, kwa asiyekijua, ni hiki: Monkey D. Luffy, kijana aliyekula tunda la ajabu lililoufanya mwili wake uvutike kama mpira na, kwa badali ya nguvu hiyo, likamnyima uwezo wa kuogelea maisha yake yote, anavaa kofia ya pama aliyoachiwa amana na haramia mmoja aliyemwokoa utotoni, anakusanya mabaharia mmoja baada ya mmoja, na kuingia bahari ya hatari kuitafuta hazina iliyoachwa na Gol D. Roger, mfalme wa maharamia, ambaye serikali ya ulimwengu ilimuua hadharani ikidhani kwamba kwa kumuua itaikomesha tamaa ya watu kusafiri.

Rai yangu nitaitanguliza, ili msikilizaji ajue tangu mwanzo ninakoelekea. Hadithi ndefu hujipatia haki ya urefu wake kwa kukumbuka kila ilichokisema na kwa kukubali kukipoteza kile ilichokipenda. Katika kukumbuka, sijamwona miongoni mwa watungaji wa namna hii wa kulingana na Oda. Katika kupoteza amepungukiwa, na televisheni iliyoichukua kazi yake imepungukiwa zaidi.

Tuanze na bahari, maana ndiyo mlango ambao watu wa kisiwa chetu huingilia bila ya kuongozwa. Katika karne ya kumi ya miladi, nahodha Buzurg bin Shahriyar wa Ramhurmuz alizikusanya khabari za mabaharia katika kitabu cha Ajaib al-Hind, na mojawapo ya khabari hizo yasimulia kwamba mnamo mwaka 334 wa Hijra, yaani 945 hivi, watu wa Waqwaq walikuja na vyombo vipatavyo elfu moja wakaupiga mji wa Qanbalu. Na wataalamu wengi wa tarehe huichukulia Qanbalu kuwa ni Pemba hii, na mji wake kuwa ulikuwa kule Ras Mkumbuu. Basi kabla ya mtoto wa Mtambile kuambiwa na Mjapani kwamba bahari ina visiwa vyenye maajabu, kisiwa chake mwenyewe kilikwisha kuandikwa miongoni mwa maajabu hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Na alipokuja Frederick Johnson kuitia katika Kiswahili, mwaka 1929, riwaya ya Kiingereza ya maharamia kwa jina la Kisiwa chenye Hazina, hakuleta pwani jambo geni, kwa kuwa hazina, kisiwa na chombo ni vitu ambavyo hekaya zetu zilivijua zamani.

Lakini Oda ameongeza jambo ambalo mwandishi wa nchi kavu asingelifikiri kwa urahisi. Katika ile bahari yake kuu dira ya kawaida haifai kitu, kwa sababu kila kisiwa kina sumaku yake. Baharia hana budi kuvaa mkononi dira ya namna nyingine, ambayo huinyonya sumaku ya kisiwa alichotia nanga na baada ya hapo tu huelekea kisiwa kinachofuata, na inyonyapo haiharakishwi: kisiwa kimoja huhitaji saa chache, kingine miezi, kingine mwaka mzima. Kwa hiyo mabaharia hawawezi kupita tu. Hulazimika kukaa, kula na wenyeji, kujua dhiki zao, na aghalabu kupigana kwa ajili yao kabla ya tanga kupandishwa. Wazee wetu waliokuja na kaskazi wakangoja kusi wapate kurejea, na katika kungoja huko wakaoa, wakajenga, wakazikwa, wanaijua sheria hiyo vizuri zaidi kuliko mtazamaji wa Tokyo. Hapa pana siri moja ya kuvutia kwa hadithi hii: kwamba ugeni ndani yake una muda na una wajibu, na kisiwa hakiachwi mpaka kimefahamika.

La pili livutialo ni chombo. Merikebu ya kwanza ya Luffy, Going Merry, ilikuwa zawadi ya binti mmoja wa kijiji alichotoka Usopp, baharia mwoga, mwongo, na mpenda hadithi. Ikapigwa na mizinga, ikakwea hata mawinguni, ikavunjika mlingoti, ikatengenezwa kwa mikono isiyo ya fundi, hata ilipofikishwa kwa mafundi wa kweli katika mji wa Water Seven, wakaikagua na kutoa hukumu ambayo kila aliyekaa karibu na waunda majahazi anaujua uzito wake: mkuku umevunjika. Mataruma hubadilishwa, mbao hubadilishwa, kalafati hutiwa upya, lakini mkuku ndio chombo chenyewe, na kinachoundwa juu ya mkuku mpya ni chombo kingine hata kama kitapewa jina lile lile. Luffy, kwa kuwa ni nahodha, anaamua kuiacha. Usopp, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akiitibu usiku peke yake, anaukataa uamuzi huo hata akapigana na nahodha wake na kuondoka katika kundi. Sijui katuni nyingine ambayo imemweleza kijana, bila ya kumfanya mmoja wa wagombanao kuwa mbaya, namna rafiki wawili wanavyoweza kutengana kwa sababu wote wawili wanapenda kitu kimoja. Na baadaye, wakati wote wamezingirwa na manowari za serikali, merikebu ile yaja yenyewe kuwaokoa, kisha inapasuka katikati, na nahodha anaitia moto baharini kwa mkono wake, huku mabaharia wakilia kama waliofiwa. Mwenye kuona kwamba kulia kwa ajili ya mbao ni upuuzi hakuwahi kuona jahazi la mzee wake likivutwa pwani kwa mara ya mwisho.

Yasemwa mara nyingi kwamba mvuto wa hadithi hii ni urafiki, na kusema hivyo si kosa, ingawa neno hilo ni jepesi kwa jambo lenyewe. Kinachowafunga mabaharia hawa ni karibu zaidi na ule udugu wa kuchanjia uliokuwa katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, ambao mtu huuingia kwa hiari na akishauingia hana tena hiari ya kutoka. Na kila mmoja huingia akiwa na deni lake. Chukueni mathalan kisa cha Nami, rubani wa chombo, ambaye kijiji chake kilikamatwa na Arlong, jitu la kabila la watu-samaki, akawatoza wenyeji kodi ya uhai: beri 100,000 kwa mtu mzima na 50,000 kwa mtoto, kila mwezi, na asiyekuwa nazo anauawa. Mama yake mlezi alikuwa na fedha za kutosha kuokoa roho tatu kama angeliwakana watoto wake wawili, yaani angelisema kwamba nyumba ni ya mtu mmoja. Hakuwakana, akalipa kwa ajili yao, akapigwa risasi mbele yao. Kwetu sisi wa Afrika ya Mashariki, ambao bibi na babu zetu walikumbuka serikali ikimhesabu mtu kwa kichwa ili imtoze, kodi ya namna hiyo haihitaji sherehe.

Na hapa ndipo nataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo hadithi hii inapopanda daraja. Miaka mingi baada ya kumshinda Arlong, mtungaji anatupeleka nyuma kuonyesha mahali alipotoka dhalimu huyo. Katika visiwa vya Sabaody watu huuzwa kwa mnada, na wanunuzi wakubwa ni mabwana watukufu wanaofunika vichwa vyao kwa mapovu ili wasivute pumzi moja na raia. Na watumwa wao huchomwa mgongoni chapa isiyofutika. Mtu-samaki mmoja, Fisher Tiger, aliyewahi kuwa mtumwa wa mabwana hao, alipanda jabali la Red Line kwa mikono mitupu akawafungulia watumwa wote, watu-samaki na wanadamu, bila ya kubagua, na kisha wafuasi wake wakachukua alama ya jua wakaichoma juu ya ile chapa ya zamani, hata asiweze mtu kutambua ni nani aliyekuwa mtumwa na nani aliyekuwa mwungwana. Tiger mwenyewe alikufa kwa kuikataa damu ya wanadamu alipojeruhiwa na damu hiyo ikawa ndiyo pekee iliyokuwapo. Aliufahamu wema wao kwa akili, lakini moyo wake haukuweza tena kuupokea. Kutokana na kifo hicho kukatoka Arlong kwa upande mmoja, na mtu-samaki mwenzake Jinbe, asiyewachukia wanadamu, kwa upande mwingine, na baada yao kizazi cha Hody Jones, ambaye hakuwahi kudhulumiwa na mwanadamu hata siku moja, lakini amerithi chuki iliyokamilika, kisha akaifanya kuwa dini yake.

Pemba ni nchi ya karafuu, na mashamba ya karafuu hayakupandwa na watu huru peke yao. Amri ya Sayyid Hamoud bin Muhammad ya mwaka 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu yake ya kisheria katika Unguja na Pemba, lakini neno la sheria halikuweza kuziondoa mara moja zile chapa zisizoonekana, yaani namna watu wanavyoulizana asili zao, namna jina moja linavyosimama juu na jingine likasimama chini, na namna mjukuu anavyoweza kubeba uchungu au kiburi cha jambo ambalo hakulifanya wala hakufanyiwa. Simwambii mtu yeyote kwamba Oda aliandika juu yetu. Aliandika juu ya watu-samaki. Hata hivyo, wakati Luffy anapotokwa na damu nyingi katika kisiwa cha watu-samaki, na sheria ya huko yakataza kumpa mwanadamu damu, kisha Jinbe akajitolea ya kwake, naona kwamba kijana wa Mtambile amepewa njia ya kulifikiri jambo ambalo wazee wake hulizungumza kwa sauti ya chini, au hawalizungumzi kabisa.

Kadhalika kisa cha Ohara, kisiwa cha wanazuoni walioishi chini ya mti mkubwa uliokuwa maktaba, wakathubutu kusoma maandiko ya mawe yaelezayo miaka mia moja ambayo serikali imeifuta katika tarehe. Manowari zikaja, kisiwa kikateketezwa, akaokoka mtoto mmoja wa kike wa miaka minane, Robin, baadaye mmoja wa mabaharia wa Luffy, ambaye kichwa chake kilitangazwa thamani ya beri milioni 79 kwa kosa la kujua kusoma. Wanazuoni wale, walipoona moto hauzimiki, hawakukimbia. Walivitupa vitabu ziwani kwa wingi ili waje wengine wavitoe. Katika nchi ambayo hati za mababu zetu zimo katika masanduku ya nyumbani, zikiliwa na mchwa mbele ya macho yetu, kisa hiki kinastahili kusomwa na walimu kabla ya wanafunzi.

Nilisema kwamba Oda anakumbuka, na sasa nitoe ushahidi. Mwaka 1999, katika sura za mwanzo mabaharia walipoingia bahari kuu, walimkuta nyangumi mkubwa, Laboon, ambaye kwa miaka 50 amekuwa akikipiga kichwa chake katika jabali, akiwangoja mabaharia waliomwachia ahadi ya kurudi. Kisa kikapita, na msomaji akadhani kimekwisha. Mwaka 2007 akatokea Brook, mwanamuziki ambaye hakubakiwa na nyama, ni mifupa mitupu, aliyeishi peke yake katika merikebu ya maiti kwa miongo ya miaka. Na mwaka 2008, yapata miaka tisa baada ya kisa cha nyangumi, tukasimuliwa kwa ukamilifu kwamba huyu ndiye wa mwisho katika wale waliongojwa, na kwamba wenzake wote walikufa wakiimba na sauti zao akazihifadhi ili ampelekee nyangumi. Mtoto aliyesoma kisa cha kwanza akiwa na miaka kumi alikisoma cha pili akiwa karibu na ishirini. Hakuna ufundi wa kalamu unaoweza kukileta kilio hicho bila ya muda ule kupita kweli; hapo urefu umelipwa, na aliyengoja hakudhulumiwa.

Nageukia sasa ila, nami sitazipunguza kwa sababu ya mapenzi.

Ila ya kwanza ni ya televisheni zaidi kuliko ya mtungaji. Gazeti hutoka kila wiki na sura moja isiyofika kurasa 20, ambayo msomaji huimaliza kwa dakika chache. Televisheni nayo, kwa miaka mingi, ilitoa sehemu moja kila wiki yenye dakika 24, na kama ingelikwenda kwa mwendo wa kawaida ingelimfikia mtungaji na kumpita. Kwa kuwa haikutaka kusimama, ikajinyosha. Kisa cha Dressrosa, ambacho katika vitabu ni kiasi cha sura mia moja, kilichukua sehemu 118 kutoka mwaka 2014 hata 2016, yaani sura moja ikapanuliwa ijaze sehemu nzima na zaidi: yaliyopita wiki jana yakarudiwa, nyuso za watu walioshangaa zikaonyeshwa moja moja, watu wakakimbia njia ile ile bila ya kufika, pigo moja likatazamwa na kila aliyepo uwanjani. Kisa cha Wano kilichokuja baadaye, ambacho kilianza Julai 2019, hakikuisha mpaka mwisho wa 2023, ingawa hicho uzuri wa michoro yake ulimpa mtazamaji fidia ambayo Dressrosa haikumpa.

Msinidhanie kwamba nauchukia urefu. Utenzi wa Ras al-Ghuli una beti zaidi ya elfu nne, una mapanga, una majini, una mashujaa wasiohesabika, na wazee wetu waliweza kukesha kwa tenzi za namna hiyo. Lakini kila ubeti una vipande vinne na kila kipande mizani minane, na mtunzi asiyekuwa na la kusema katika nafasi hiyo finyu huonekana papo hapo kwamba hana. Utenzi humbana mtunzi wake, ilhali televisheni ya kila wiki ilimlegeza wake, ikamlipa kwa kukaa. Na kijana wa Pemba hulipia kukaa huko kwa bando lake, akitoa fedha ya data ili atazame watu wakishangaa.

Ila ya pili ni ya Oda mwenyewe: hataki watu wafe. Katika khabari za zamani, ambazo mashujaa husimulia juu ya utoto wao, kila mpendwa hufa, naye Oda huzisimulia kwa uchungu usio na kifani: mama mlezi wa Nami, daktari Hiluluk, mama yake Robin, Rosinante, Oden. Lakini katika wakati ulioko mbele yetu, mtu huanguka kutoka mbinguni, hukatwa, huzikwa na majengo, kisha huonekana karamuni amefungwa bendeji. Mfano uliowaudhi wengi ni Pell, mlinzi wa ufalme wa Alabasta, ambaye aliruka na bomu ambalo lingaliua mji mzima, likapasuka angani pamoja naye, watu wakamlilia na kumjengea kaburi, kisha akarudi akitembea na kusimama mbele ya kaburi lake. Siku hiyo mtungaji alichukua machozi ya msomaji bila ya kuyalipa. Na kwamba aliweza kufanya vinginevyo alituthibitishia mwaka 2010, katika vita vya Marineford, alipokufa Ace mikononi mwa Luffy, nduguye wa kunywa kikombe kimoja cha ahadi, na mara baada yake nahodha wa Ace, mzee Whitebeard, akafa wima. Sura zile ni miongoni mwa bora alizozichora, kwa sababu hapo ndipo bahari ilipotoza kodi yake. Baada ya hapo akarejea katika ada yake ya kusamehe, na hatari zikawa kubwa kwa sauti na ndogo kwa matokeo.

Ila ya tatu nitaisema kwa ufupi na bila ya kuipaka asali, kwa kuwa wazazi wengi mliopo ndiyo mliyoijia. Michoro ya wanawake, hasa baada ya wale mabaharia kutengana kwa miaka miwili na kukutana tena, imekuwa ya fedheha: Nami, ambaye aliinunua roho ya kijiji chake kwa miaka minane ya wizi na machozi, na Robin, mwanachuoni wa mwisho wa Ohara, wamevishwa na kuumbwa kwa namna ya kuwaridhisha wavulana, na tabia ya Sanji mpishi, ambaye kwa mambo mengine ni mtu wa muruwa, ya kuwatamani na kuwachungulia wanawake imefanywa kuwa mzaha unaorudiwa bila ya kuchoka. Hili ni kosa la adabu, na pia ni kosa la sanaa, maana mtungaji anayekumbuka ahadi ya nyangumi kwa miaka tisa amesahau ni nani huyo binti aliyemchora. Idhaa ya Spacetoon, iliyoanza mwaka 2000 na ambayo ndugu zetu wengi wa Maskati walilea watoto wao mbele yake, ilikuwa na desturi ya kuzikata katuni za Kijapani mambo kama haya na kuyatia mazungumzo katika Kiarabu fasihi. Kukata kuna hasara zake, lakini nafahamu kwa nini walikata.

Ila ya nne ni nasaba. Mwanzoni tulipewa kijana asiye na kitu, mwenye tunda lisilotamaniwa na mtu, aliyeshinda kwa ukaidi na kwa kupendwa. Kisha babu yake akawa shujaa wa jeshi la bahari, na baba yake akawa kiongozi wa mapinduzi. Na mwaka 2022 ikafunuliwa kwamba hata tunda lake halikuwa la mpira tu, bali limebeba nguvu za Nika, yule ambaye katika ngano za hadithi hii huitwa mungu wa jua, mkombozi wa watumwa, ambaye serikali imekuwa ikilificha jina lake kwa mamia ya miaka. Nakiri kwamba kuna uzuri katika mkombozi anayekuja akicheka na kwa mdundo wa ngoma. Lakini katika jamii kama yetu, ambamo mtoto wa mvuvi huambiwa mapema ni mlango upi usiofunguka kwa jina lake, ile hadithi ya kijana asiyeandaliwa na yeyote ilikuwa na thamani kubwa kuliko hii ya kijana aliyeandikiwa. Ama wazazi wanaohofia akida kwa ajili ya jina hilo la mungu wa jua, nasema mtoto aliyefunzwa vyema chuoni hupambanua hekaya na itikadi, kama sisi tulivyopambanua tulipohadithiwa majini ya chupani. Asiyefunzwa ndiye wa kuhofiwa, na huyo atapotea hata bila ya katuni.

Kuna jambo dogo ambalo sipendi kuliacha. Msomaji mmoja aliwahi kumwuliza Oda mabaharia wake wangelikuwa wa nchi gani kama wangelikuwa watu wa dunia yetu, naye akajibu katika vitabu vyake: Luffy wa Brazil, Zoro wa Japani, Nami wa Sweden, Sanji wa Ufaransa, na Usopp wa Afrika. Wengine wakapewa nchi; wetu akapewa bara. Nafurahi kwamba tulikumbukwa, na kwamba aliyepewa ni mpenda hadithi ambaye uwongo wake hugeuka ukweli. Nasikitika kwamba hapakutafutwa hata jina la bandari moja. Zilipopigwa picha za mchezo wa waigizaji hai, uliotolewa na Netflix tarehe 31 Agosti 2023, zilipigwa Cape Town, na Usopp akaigizwa na Jacob Romero, kijana mwenye asili ya Jamaika. Basi maharamia hao kwa kweli walitweka matanga katika pwani ya bara hili.

Na bahari hii imewajibu. Mwezi wa Agosti 2025, watu wa Indonesia waliipandisha bendera ya Luffy, lile fuvu lenye kofia ya pama, kuonyesha kutoridhika kwao na serikali. Septemba ikaonekana Nepal. Na mwisho wa mwezi huo huo vijana wa Madagascar, walioingia barabarani mjini Antananarivo kwa kukosa maji na umeme, wakaibeba wakiwa wameiondoa kofia ya Kijapani na kulivika fuvu kofia ya kwao. Oktoba, jeshi likashika madaraka na Rais Rajoelina akaondoka. Siingii katika siasa za majirani zetu, lakini mwanafunzi wa tarehe hawezi kutoona kwamba kutoka visiwa vya Indonesia hata Madagascar ndiyo njia ile ile waliyoipita wale mabaharia wa kale ambao wataalamu hudhani ndio watu wa Waqwaq, na ambao ngalawa zetu, kwa yale matengo yake mawili, hukumbusha vyombo vyao. Bendera ile imefika mlango wa kusini wa bahari yetu. Ikiwa serikali na wazazi hawajui yaliyobebwa ndani yake, vijana wanajua: ni Arlong na kodi yake, ni mnada wa Sabaody, ni maktaba ya Ohara.

Kwa hiyo nawashauri hivi wale watakaoondoka hapa na nia ya kuitazama au kuiruhusu nyumbani. Tangu mwanzo hata mwisho wa kisa cha Merry na kuokolewa kwa Robin, tazameni katika televisheni, maana mwendo wake bado ni mzuri na muziki wake huongeza. Sabaody na Marineford pia. Dressrosa isomeni katika kitabu, na mtakuwa mmeokoa siku nyingi. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na mitatu asiachiwe peke yake sehemu za baada ya ile miaka miwili. Mzazi na akae naye, na akiona jambo la aibu aliseme kuwa ni aibu, kisha waendelee. Toei imetangaza kwamba kuanzia 2026 haitazidisha sehemu 26 kwa mwaka, badala ya kutoa kila wiki bila ya kupumua, na hilo ni kukiri kwa vitendo yale ambayo wapenzi wa hadithi hii wamekuwa wakiyalalamikia kwa miaka kumi na zaidi. Oda mwenyewe aliingia katika fungu la mwisho la hadithi yake Julai 2022, na deni lililobaki shingoni mwake si dogo: ile miaka mia moja iliyofutwa, kukutana kwa Brook na nyangumi, na hiyo hazina yenyewe ni nini. Katika hayo, linalonishughulisha mimi kuliko yote ni la nyangumi, na kama katika hadhara hii yuko kijana anayeona kwamba Oda atalilipa vibaya, ningependa nimsikie kwanza kabla ya wengine kuuliza maswali yao.